Nafsi ya Kiongozi kama Sehemu ya Dhamana

Katika fikra za kisiasa za Afrika Mashariki, cheo kimeelezwa kwa muda mrefu kuwa ni dhamana, yaani kitu ambacho mwenyewe ni umma na ambacho kiongozi amekabidhiwa akitunze kwa niaba yake. Fikra hiyo, iliyopewa sura ya kikanuni na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitazama hasa yale ambayo kiongozi hapaswi kujichukulia: hisa katika makampuni, mishahara miwili, nyumba za kupangisha. Lipo swali la upande wa pili ambalo halikuulizwa kwa uwazi uleule, nalo ni kama nafsi ya yule aliyekabidhiwa cheo si sehemu ya dhamana hiyo pia. Insha hii inatetea jibu la ndiyo. Inadai kwamba kujitunza ni deni ambalo kiongozi anadaiwa na anaowaongoza, lakini pia kwamba deni hilo lina mpaka, kwa kuwa ipo mizigo ya moyo ambayo hana ruhusa ya kuitua.

Uhusiano kati ya kujitunza na kutawala ulichunguzwa tangu kale. Katika mazungumzo yaitwayo Alcibiades, ambayo kwa jadi huhesabiwa miongoni mwa maandishi ya Plato ingawa baadhi ya wataalamu wana shaka kama kweli ni yake, Socrates anamkabili kijana wa Athens mwenye nasaba, mali na shauku ya kuongoza mji, akamfikisha hatua kwa hatua kwenye kukiri kwamba hajui haki ni nini na kwamba, kabla ya kushika mambo ya wengine, inampasa ajitunze mwenyewe. Kisha anatenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: nafsi, ambayo ndiyo mtu mwenyewe, mwili, ambao ni mali ya nafsi, na fedha na vitu, ambavyo vinauhudumia mwili. Utengano huo unaondoa utata mkubwa uliopo hata leo. Kiongozi anayejiongezea magari, walinzi na safari za ng'ambo kwa gharama za umma, huku ndani amejaa hofu na chuki, amejineemesha tu, hajajitunza. Kujitunza, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kazi ya kudumu ya kuichunguza nafsi, kuipumzisha na kuirekebisha ili iendelee kuona na kuamua sawasawa.

Nafsi hiyo inalemewa na nini? Waswahili husema ukubwa ni jaa, kwa kuwa mkubwa hutupiwa kila kilichowashinda wengine, lawama, ugomvi, madai na siri, naye hutazamiwa avipokee bila kunung'unika. Methali hiyo inautaja mzigo kwa jumla. Uchambuzi unadai mizigo itenganishwe, kwa sababu kila mmoja una asili yake na namna yake ya kutunzwa.

Wa kwanza ni mzigo wa siri. Mwalimu mkuu anayejua kwamba mwanafunzi fulani anateswa nyumbani, muuguzi msimamizi anayejua kosa la mwenzake ambalo bado linachunguzwa, na mkuu wa taasisi anayejua mapema kwamba baadhi ya watumishi watapunguzwa, wote wanabeba maarifa wasiyoweza kuyatangaza, na ukimya wao ni sehemu ya uadilifu wa kazi. Ugumu wake ni kwamba ukimya uleule unaomlinda mwingine humtenga anayenyamaza na watu ambao angewaegemea, kwa kuwa ndio hao hao ambao siri inawahusu.

Wa pili ni mzigo wa uso. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kilichowachunguza wahudumu wa ndege na wakusanya madeni, aliita kazi ya hisia ile juhudi ya mtu kuziongoza hisia zake ili aonyeshe sura ambayo ajira yake inaitaka. Mhudumu hutakiwa tabasamu na mdai hutakiwa ukali; kiongozi, hasa katika jamii ambamo anatazamiwa harusini na msibani sawa na anavyotazamiwa ofisini, hudaiwa vyote viwili, pamoja na majonzi na utulivu, pengine katika siku moja. Hochschild alionya kwamba anayeishi hivyo kwa muda mrefu anaweza kupoteza uwezo wa kutambua ni hisia ipi iliyo yake. Onyo hilo linakaribiana na maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2019, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, liliutaja uchovu uliokithiri wa kazi kuwa ni hali itokanayo na mazingira ya kazi, wala si ugonjwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuibeza, na kupungua kwa ufanisi. Sura ya pili ndiyo inayohusu maadili moja kwa moja, kwa kuwa kazi ya kiongozi ni watu, na anayeibeza kazi hiyo anawabeza watu wenyewe. Anayekuja kulalamika huanza kuonekana msumbufu, na anayeomba haki huanza kuonekana mtu wa fitina. Kwa njia hiyo mzigo usiotunzwa haubaki kwa aliyeubeba, bali hushushwa, pasipo tangazo, juu ya wasio na cheo.

Wa tatu, na ulio mzito kuliko yote, ni mzigo wa dhamiri. Mwanafalsafa Michael Walzer, katika makala yake ya mwaka 1973, alilijadili tatizo aliloliita la mikono michafu, yaani hali ambamo kiongozi anatenda lililo bora kati ya yanayowezekana na bado amemtendea mtu vibaya. Daktari mkuu mwenye kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi na wagonjwa wawili wanaokihitaji anaweza kuchagua kwa haki, lakini haki ya uchaguzi huo haimfuti yule aliyenyimwa. Kwa Walzer, hatia anayoihisi kiongozi wa namna hiyo ndiyo ushahidi kwamba bado ni mtu mwadilifu.

Hapa ndipo kujitunza kunapokutana na mpaka wake. Mafundisho mengi ya siku hizi yanaahidi kumwondolea mtu kila kinachomsumbua, hata hatia inayostahili. Tiba ya namna hiyo ikifanikiwa kwa mwenye madaraka, huizalia jamii mtawala anayelala usingizi mnono juu ya maumivu aliyoyasababisha. Mzigo wa dhamiri hautunzwi kwa faraja, unatunzwa kwa uwajibikaji: kukiri hadharani, kurekebisha kinachorekebishika, na pale inapobidi kuondoka. Katika miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania kufuatia vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa polisi huko Shinyanga, ingawa hakuwa yeye aliyewatesa. Kitendo hicho hukumbukwa kama kielelezo cha uwajibikaji wa kisiasa, lakini kinafundisha pia juu ya nafsi: hatia iliyopewa mahali pa wazi haihitaji kuzikwa ndani, na aliyejiuzulu hakuharibikiwa, kwani mwaka 1985 akawa Rais.

Mizigo miwili ya kwanza, tofauti na huo wa tatu, inapaswa kugawanywa. Katika mazungumzo yale yale ya Alcibiades, Socrates anasema kwamba jicho hujiona kwa kutazama ndani ya jicho jingine, na nafsi vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kujitunza hakufanyiki upwekeni: kiongozi anahitaji msiri aliye nje ya mamlaka yake, asiyemwogopa wala kutarajia kitu kwake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kinaongeza kipengele cha muundo. Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia kwamba angedhoofika yeye na watu pia, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Yethro hakumwambia mkwewe apumzike tu. Alimtaka aachie sehemu ya madaraka, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu kuelemewa huwapa pia hisia ya kuwa hakuna awezaye kushika nafasi yao.

Kwa hiyo jamii inayodai uadilifu wa viongozi inawajibika kuweka mazingira yanayouwezesha: manaibu wenye mamlaka ya kweli, likizo isiyohesabiwa kuwa uzembe, washauri wanaotunza siri, na desturi inayomruhusu mkubwa kusema kwamba ameshindwa kabla hajaanza kuficha. Kiongozi naye ana kipimo kimoja cha kujua kama anajitunza au anajineemesha. Pumziko, faragha na ushauri anaojipatia vikimfanya amsikilize aliye chini yake kwa subira zaidi na kuamua kwa haki zaidi, ametunza dhamana. Vikimweka mbali zaidi na mtu huyo, ameichukua.