Magonjwa ya Siri

Msomaji, maradhi ya zinaa watu huyaita pia magonjwa ya siri. Nataka tulipime jina hilo pamoja. Siri ni mali ya mwenyewe. Akipenda huitoa, asipopenda huizika. Je, maradhi yatokayo kwa mtu mmoja hata mwingine yaweza kuwa mali ya mmoja?

Chukua kaswende. Kidonda chake cha kwanza aghalabu hakiumi, nacho hupona chenyewe pasipo dawa, kikamwacha mtu akidhani amesalimika, kumbe maradhi yamo damuni. Tuseme mwenye kidonda ni mume, naye akanyamaza. Mkewe huambukizwa asijue. Na akiwa mja mzito, mtoto naye huweza kuambukizwa tumboni, akazaliwa mfu au mwenye kilema. Hesabu watu hao: ni watatu, na siri ni ya mmoja. Mtoto hakuulizwa lolote.

Wala si kwamba dawa imekosekana. Kijidudu cha kaswende kiligunduliwa mwaka 1905, na tangu 1943 yajulikana kwamba penisilini hukiua. Katika kliniki za waja wazito damu ya mama hupimwa, na sindano ikitolewa mapema humwokoa yeye na mtoto. Lakini mama akitibiwa peke yake, kisha akarudi kwa mume asiyetibiwa, huweza kuambukizwa tena. Sindano ya leo si kinga ya kesho. Nimesikia wanaume wakisema kwamba kliniki ni mahali pa wanawake. Sijui ni nani aliyewaambia kuwa kaswende hubagua.

Yamkini utasema, basi serikali na iwalazimishe wote kusema. Jambo hilo si jepesi. Hapa Kenya, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006, katika kifungu cha 24, ilimwamuru mwenye virusi kumwarifu mapema kila ajamiianaye naye, la sivyo aadhibiwe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho, kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi, na kwa kuwa faragha ni haki ya mtu katika Katiba. Naona mahakama ilitenda vema. Mwenye hofu ya kushtakiwa haendi kupimwa, na asiyepimwa hana la kumwambia mwenziwe.

Ndiyo maana muuguzi hufunga mlango kabla ya kuuliza. Kimya chake na kimya cha yule mume vyafanana kwa nje, walakini kimoja humleta mgonjwa na kingine humficha. Mume amebaki na deni lake. Hana askari wa kumsukuma wala jirani wa kumchungulia. Ana mke aliyeketi mbele yake jioni, na maneno machache ambayo hakuna mwingine awezaye kumsemea.