Jirani wa Dirishani

Kuna sinema fupi ya Uingereza, The Long Goodbye ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Aneil Karia. Ina dakika 12 hivi, na ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2022. Riz Ahmed, Mwingereza wa asili ya Kipakistani, yumo nyumbani na jamaa zake Waislamu. Wanajiandaa kwa harusi, wanataniana. Mara wanaume wenye bunduki wanavamia, wanawakokota nje na kuwapiga risasi barabarani.

Wauaji sina haja ya kuwahoji. Dhambi yao iko wazi. Wanaonisumbua ni majirani wanaochungulia dirishani. Je, nao wana hatia?

Utasema: jamani, mtu mikono mitupu afanye nini mbele ya bunduki? Kweli. Woga si dhambi. Lakini chuki haishuki na mvua. Huanza na mzaha, na lile swali la "kwenu hasa wapi?", na jirani akacheka. Siku hiyo kumkanya mtu hakukuhitaji ushujaa wowote.

Wala tusiwanyoshee Wazungu kidole peke yao. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maelfu walikimbilia Uingereza hiyohiyo. Na huku kwetu pia nyumba zina madirisha.

Basi, ukisikia mtu anaitwa mgeni kwa rangi yake, au gaidi kwa kanzu yake, usicheke. Sema palepale. Bunduki zikishafika, utakuwa umechelewa.