HALALI YA SERIKALI NA HALALI YA ALLAH

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, ninawausia ninyi na nafsi yangu tumche Allah.

Wazazi kati yetu wana watoto Marekani, waliopelekwa kutoka kambi za wakimbizi. Wengine wako jimbo la Colorado. Kijana anapiga simu: "Baba, huku bangi ni halali." Mzazi ananyamaza, hajui ajibu nini.

Tuijue kwanza sheria yenyewe. Wananchi wa Colorado waliipigia kura mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Ruhusa ni ya mwenye miaka 21 na zaidi. Mwanzo aliruhusiwa kuwa na aunsi 1, yaani gramu 28 hivi. Tangu 2021 ni aunsi 2. Haruhusiwi kuivuta barabarani, wala kumpa aliye chini ya miaka hiyo, na akiendesha gari amelewa atashtakiwa kama mlevi wa pombe. Mwajiri anaweza kumfukuza hata kama alivuta nyumbani kwake. Mahakama kuu ya jimbo ilikata hivyo mwaka 2015, na aliyeshindwa alikuwa mgonjwa aliyepooza, akiitumia kwa maumivu!

Tena, serikali kuu ya Marekani haijaruhusu bangi ya starehe. Mwaka 2019 ofisi ya uraia ilieleza kwamba mgeni anayeitumia, au anayefanya kazi katika biashara yake, anaweza kunyimwa uraia hata kama jimbo limeruhusu. Si lazima awe amefungwa. Kukiri kwa mdomo wake kunaweza kutosha. Hayo muuzaji dukani hamwambii.

Sasa neno "halali". Sisi tunalitumia ovyo. Leseni ya serikali inasema tu kwamba polisi hatakukamata. Hapa kwetu Congo pombe inauzwa mchana, inalipa kodi, na hakuna Mwislamu anayesema kwa hiyo ni halali. Soma Sura al-Maida, aya ya 90. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila kinacholevya kina hukumu ya pombe.

Atasema: bangi haikutajwa kwa jina. Wanazuoni waliulizwa zamani. Ibn Taymiyya aliikataza kwa ukali, na Imam az-Zarkashi wa Misri, aliyefariki mwaka 1392, aliandika kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi. (Dawa ya mgonjwa ni mlango mwingine; hapo aulizwe mwenye elimu pamoja na daktari.)

Basi mzazi, simu ikilia usianze kwa matusi, atakata na hatapiga tena. Mwambie aache na atubu. Kisha muulize kama ameshapeleka maombi ya uraia. Kama bado, amwone mwanasheria kabla ya kujaza fomu, na asiandike uongo humo.

Wa billahi tawfiq.