Kumweleza Muuguzi Si Kumsengenya Mume

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na maswahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, lipo swali lililokuja mara kadhaa katika vikao vyetu baada ya sala ya Ijumaa, na kila mara limeulizwa na dada, kwa sauti ya chini, kwa niaba ya mtu mwingine. Mwanamke amepigwa na mumewe, amekwenda kituo cha afya, muuguzi anamwuliza ameumiaje. Je, akisema kweli atakuwa amemsengenya mume na kuitoa siri ya nyumba? Au aseme aliteleza bafuni?

Wengi wetu hulijibu kwa neno moja: subira. Hapa Rwanda tunao hata msemo wa kuliongezea nguvu, niko zubakwa, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Msemo huo si aya wala si hadithi, lakini umeingia misikitini mwetu umevaa kanzu, na baadhi ya wasuluhishi huutamka kana kwamba umeteremshwa.

Tutazame lililoteremshwa. Sura ya 58 imepata jina lake kwa mwanamke aliyejadiliana na Mtume (s.a.w.) juu ya mumewe. Huyo ni Khawla bint Tha'laba (r.a.). Mumewe, Aws bin Samit, alimtamkia kwa hasira kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Hakumpiga fimbo. Alimwumiza kwa ulimi, akamwacha si mke wala si mtalaka, na umri umekwenda. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa karibu nao na amesimulia kwamba baadhi ya maneno ya mama yule hakuyasikia, aliyasikia Mola wake, na sura ikaanza kwa kutaja kusikia huko. Hukumu na kafara vilifuata baadaye. Kwanza mwanamke alisikilizwa.

Yuko pia Habiba bint Sahl (r.a.). Katika mapokezi ya Abu Dawud, mumewe alimpiga mpaka akamvunja mahali, naye akaenda kwa Mtume asubuhi mapema kushtaki. Hakuambiwa arudi akavumilie, wala hakuulizwa alimkosea nini mumewe. Mume aliitwa, akaamrishwa apokee sehemu ya mali yake aachane naye. Na mume huyo hakuwa mtu wa ovyo: alikuwa Thabit bin Qays, khatibu wa Ansari. Nalisema hili kwa sababu kwetu, mume akiwa mtu wa safu ya kwanza, mashtaka ya mkewe huzimwa mlangoni.

Sasa suala la kusengenya. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja hali 6 ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma. Ya pili ni kuomba msaada wa kuondoa uovu. Miongoni mwa dalili zake ni hadithi ya Fatima bint Qays (r.a.), alipomtaka shauri Mtume juu ya wanaume waliomposa, naye akamwambia wazi kwamba Abu Jahm hashushi fimbo begani. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alimtaja mtu kwa jina na kwa tabia yake ili mwanamke asiumie. Basi muuguzi anayeandika jeraha ili alitibu, na daktari ambaye cheti chake kinaweza kusimama mahakamani, hao ndio wenye uwezo wa kuondoa dhulma. Sitara ni kwa aibu ya mja. Haikuwekwa iwe pazia la mwenye kuvunja mbavu.

Najua nitatajiwa aya ya 34 ya Sura An-Nisaa. Anayeitaja aitaje pamoja na Ibn Abbas, aliyefasiri pigo lile kuwa la mswaki, na Ata' bin Abi Rabah, aliyesema asimpige bali amkasirikie. Kisha amtaje Mtume, ambaye Bibi Aisha anashuhudia kwamba hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi.

Nchini kwetu mlango wa kugonga upo. Isange, yaani jisikie uko nyumbani, ni kituo kilichofunguliwa kwanza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, na leo huduma hiyo imeenea katika hospitali za wilaya. Uzuri wake ni kwamba daktari, mshauri wa nafsi na mpelelezi wako mahali pamoja, na huduma ni bure. Mwanamke hatumwi kwenda huku na huku akirudia kisa chake mbele ya kila meza. Aliyeingiliwa kwa nguvu awahi kabla ya saa 72, kwani dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya hapo.

Lakini wapo wasio na jeraha la kuonyesha, na hao ndio wengi tunaowapoteza. Dada analalamika kichwa, tumbo, usingizi haupati, dawa za maumivu hazimsaidii. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wanakaribia mara 2 ya wengine kupatwa na sonona. Sisi humwambia imani yake imepungua, azidishe adhkari. Azidishe, ni kheri. Lakini nchi hii, baada ya 1994, imekwisha kujifunza kwamba ihahamuka si upungufu wa imani, na aliyeshikwa nayo hupelekwa kwa mtaalamu. Kwa nini mke anayeishi na hofu usiku na mchana tumnyime ruhusa hiyo?

Kwa mnaosomea uuguzi na udaktari: msimwulize mume akiwa amesimama pembeni. Mtoeni kwa adabu, fungeni mlango, ulizeni kwa upole, mwaminini, kisha mwulizeni kama usiku huu ana salama ya kurudi. Msimshike kwa nguvu aseme, wala msiende kumsuluhisha na mumewe. Hiyo si kazi ya wodi. Alichowaambia ni amana. Kikivuja hadi Biryogo kabla hajafika nyumbani, mmemwua.

Na maimamu wetu, ambao wengi wao wana nia njema, wajue kwamba suluhu ina wakati wake. Damu ikiwa inatoka, kwanza ni hospitali. Inapokewa kwamba hema la Bibi Rufaida (r.a.), aliyetibu majeruhi, lilisimama katika msikiti wa Mtume, wala hakuna aliyeona tiba inaushusha msikiti hadhi.

Napendekeza kwa uongozi wa jumuiya yetu jambo dogo la wiki hii. Namba ya Isange, 3029, ambayo hupigwa bila malipo, ibandikwe ndani ya sehemu ya kina dada ya kutawadhia. Huko hakuna mume anayeingia.

Wabillahi tawfiq.