Huwezi Kumwambia "Jikaze" Mtu Aliyepigwa Nusukaputi

Siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua, dada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama mwanawe anavyolia, wala hakunyoosha mkono. Si kwamba hakusikia. Alisikia. Shangazi, aliyekuja kumkanda mzazi na kukaa naye mpaka arobaini, ndiye aliyemnyanyua mtoto. Alipokwisha kumbembeleza akamgeukia dada: "Jikaze, mwanangu. Wenzio tumezaa saba, na jembe tukashika."

Hakusema kwa ubaya. Kwake hilo lilikuwa neno la upendo, na ndilo alilopewa yeye. Mie nilisimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenikera miaka yote hii, maana sikujua ningejibu nini. Hivi huzuni ya mtu ni yake, kiasi kwamba tunaweza kumdai aiache? Au ni kitu kinachompata, kama homa?

Jibu nililolipata nilianza kulikuta mahali nisipotarajia, kwenye historia ya dawa za usingizi.

Kiswahili kina neno zuri kwa dawa hizo: nusukaputi. Nusu tunaijua. Kaputi wengi huirudisha kwa Wajerumani, kwa maana ya kitu kilichoharibika, kilichokwisha. Yaani nusu-kufa. Aliyepasuliwa anajua: unaambiwa uhesabu, unafika nne au tano, halafu unazinduka saa tatu baadaye na hakuna kitu katikati. Usingizi wa kawaida hukuachia walau hisia kwamba muda umepita, lakini huu haukuachii hata hiyo. Yule ninayemwita "mimi" alizimwa, kisha akawashwa.

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani dawa hizi huyeyuka tu ndani ya mafuta ya kuta za seli na kuzivuruga. Lakini mwaka 1941, Hans Selye, akiwa Montreal huko Kanada, aliripoti jambo la ajabu. Aliwapa panya dozi kubwa za projesteroni na steroidi nyingine, nao wakalala fofofo. Tukumbuke projesteroni ni nini: ni homoni inayotunza mimba. Kumbe kitu ambacho mwili wa mama hukitengeneza wenyewe, kikizidi kiasi, kinaweza kumzimisha kiumbe.

Kutokana na ugunduzi huo zikaja dawa za nusukaputi za jamii ya steroidi. Iliyojulikana zaidi, Althesin, ilitumika Uingereza katika miaka ya sabini, na kiungo chake kikuu kiliitwa alfaksaloni. Iliondolewa mwaka 1984 kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata mzio mkali, na kosa lilikuwa la kiyeyushi chake, kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo. Mwaka huohuo, Neil Harrison na Michael Simmonds wa London walionyesha inavyofanya kazi.

Ubongo una kemikali yake ya kutuliza, iitwayo GABA. Seli moja ya neva huitoa, nayo huenda kugusa kipokezi kwenye seli ya jirani. Kipokezi hicho ni mlango uliojengwa kwa vipande vitano vya protini. GABA ikigusa, mlango unafunguka, chembe za kloraidi zenye chaji hasi zinaingia, na ile seli inakuwa nzito kusisimka. Ni kama jirani aliyeambiwa: tulia kwanza.

Alfaksaloni haichukui nafasi ya GABA. Ina mahali pake pengine palepale kwenye mlango. Ikikaa hapo kwa kiasi kidogo, haifungui chochote. Inasubiri GABA ifungue, kisha inauzuia mlango usijifunge upesi, mfano wa mtu aliyeweka mguu kizingitini. Kiasi kikiwa kikubwa ndipo inapoweza kufungua yenyewe. Tena mlango huu unachagua. Kuna molekuli pacha ya alfaksaloni, yenye atomi zilezile kwa hesabu ileile, ila kundi lake moja la oksijeni na hidrojeni limegeukia upande wa pili. Hiyo hailazi mtu. Kama ingekuwa ni suala la kuyeyuka kwenye mafuta tu, zote mbili zingelaza.

Miaka miwili baadaye, 1986, ikaonekana kwamba steroidi ambazo mwili huzitengeneza kutokana na projesteroni hufanya kazi hiyohiyo. Mojawapo ni alopregnanoloni. Mama akiwa mjamzito hupanda, miezi ya mwisho inakuwa juu kabisa. Akijifungua, hushuka ghafla. Hushuka kwa kina mama wote, na wengi hawaugui. Lakini kwa baadhi, ubongo unashindwa kuizoea hali mpya.

Niliposoma hayo nilimkumbuka dada pale ukingoni mwa kitanda. Miezi tisa kuna mguu ulioshikilia mlango wa utulivu, halafu kwa siku chache unaondolewa.

Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alopregnanoloni yenyewe kuwa dawa ya sonona baada ya kujifungua, kwa jina la Zulresso. Ilitolewa kwa dripu kwa saa 60, na bei yake ilitangazwa kuwa karibu dola 34,000 kwa mgonjwa mmoja, kabla ya gharama za hospitali. Mama alipaswa kuangaliwa muda wote, maana angeweza kupoteza fahamu ghafla. Yaani kati ya kufarijiwa na kupigwa nusukaputi, njia ni moja, kinachotofautisha ni kipimo.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Ni rahisi kuruka kutoka "jikaze" hadi "ah, kumbe ni kemikali tu." Hilo "tu" silikubali. Kama huzuni ya dada ni kemikali tu, basi na upendo wake kwa mtoto ni kemikali tu, na maneno ya shangazi pia yalitoka kwenye ubongo wenye vipokezi hivyohivyo. Tukimsamehe mmoja kwa sababu ya molekuli, itabidi tuwasamehe wote kwa kila jambo, na neno kosa lifutwe kwenye kamusi.

Nadhani tofauti iko kwingine. Usiulize kama kuna kemikali, maana ipo daima. Uliza kama maneno yanamfikia mtu. Aliye juu ya meza ya upasuaji hatumwambii "amka, acha uvivu." Si kwa huruma peke yake, bali kwa sababu sababu zetu hazina pa kuingilia. Dada alikuwa na sababu zote za kumnyanyua mtoto, na alizijua kuliko sisi. Baadaye aliniambia: "Nilikuwa najiambia nyanyuka, nyanyuka, kama naongea na mtu mwingine." Neno la shangazi alikuwa ameshajiambia mara mia kabla hajaambiwa.

Shangazi je? Yeye maneno yalimfikia. Muuguzi wa kliniki alimkalisha, akamweleza kwamba huu ni ugonjwa na unatibika. Shangazi akabisha, akauliza maswali, akarudi nyumbani kimya. Usiku ule alimchukua mtoto akalala naye, mama akaletewa wakati wa kunyonyesha tu. Mtu anayeweza kubadilika kwa kuelezwa ni mtu tunayeweza kumdai. Asiyeweza kwa sasa, tunamdai nini zaidi ya kuturuhusu tumsaidie?

Najua mpaka huo hauko wazi kila siku. Wapo wanaofikiwa na maneno asubuhi na wasifikiwe jioni. Tena zipo huzuni zenye sababu nje ya fuvu: mume aliyetoweka, kodi ya nyumba, maiti aliyezikwa jana. Hizo sitaki zinyamazishwe kwa dripu huku sababu zake zimeachwa pale pale. Hata molekuli yenyewe, kwa kiasi kidogo, haisemi neno jipya. Inalirefusha neno "tulia" ambalo seli nyingine imeshalisema. Kwa hiyo dawa na jirani mwema si maadui. Dada alipata vidonge, akapata mtu wa kuongea naye, akapata usingizi. Kipi kilimponya sitajaribu kukipima. Ilimchukua karibu miezi mitano, na siku alipomkemea mtoto kwa kumvuta hereni, sote tulicheka mpaka machozi.

Mwaka jana wifi yangu alijifungua. Shangazi alikuja na kikapu chake, akachemsha maji ya kumkanda. Siku ya tatu nilimsikia chumbani, sauti ya chini: "Mwanangu, usingizi unaupata?" Wifi hakujibu mara moja. Shangazi hakumharakisha. Akavuta kigoda, akakaa.