Kuchanganya Mbegu za Nyoka

Ndugu Waislamu, katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu amemtaja nyumbu pamoja na farasi na punda, kuwa ni vipando na pambo. Lakini Sayyidna Ali alipomtajia Mtume s.a.w. habari ya kupandisha punda kwa farasi, alijibiwa kuwa wafanyao hivyo ni wasiojua. Wanazuoni wengi wameona hapo karaha, si haramu, kwani manufaa ya nyumbu ni dhahiri. Na wafugaji wa Bungoma huchanganya ng'ombe wa kienyeji na wa Ulaya, wakapata maziwa mengi.

Je, amchanganyaye bafe na nyoka wa jinsi nyingine ili auze ajabu, amemnufaisha nani? Makumbusho ya Kitale, ambayo chanzo chake ni mwaka 1926, huonyesha nyoka ili watu wawajue. Chotara huuvuruga ujuzi huo: sumu yake yaweza kuwa mchanganyiko wa sumu za wazazi wawili, na tabibu ahitaji kujua ni nyoka gani aliyeuma. Naye akiuzwa pasina kutajwa asili yake, hiyo ni ghishi.

Viumbe ni amana, si mchezo. Penye manufaa pasipo madhara, pana ruhusa. Penye upuuzi na hatari, tujiepushe.

Wabillahi taufiq.