Sifa Hukopa, Chombo Hulipa

Mama anayelijua soko haanzi kwa kuuliza bei ya sufuria. Huinyanyua kwanza, akaipima uzito mkononi. Huigonga konzi akasikiliza. Hupitisha kidole gumba kwenye ukingo, huielekeza juani kutafuta tundu, kisha hubonyeza kitako aone kama kinaingia ndani. Yote hayo huyafanya kimya, huku muuzaji akisema. Katika soko la Bunia haya mawili hukutana kila siku: ulimi wa anayeuza na mkono wa anayenunua. Vikikubaliana, kila mmoja huenda kwake ameridhika. Vikikosana, wenye busara huufuata mkono.

Siku hizi ulimi umepata msaidizi. Muuzaji hurekodi maneno yake mara moja tu kwenye kipaza sauti cha betri, akakitundika juu ya mabeseni na vikombe, nacho kikarudia neno lilelile tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Watu hulalamikia kelele, kana kwamba ubaya ni ukubwa wa sauti. Tukilitazama jambo hili kwa utulivu, tutaona kwamba nguvu yake iko kwenye kurudia, na kwamba ujanja huu ni mkongwe kuliko betri.

Mwezi wa Septemba 1833, mjini New York, mpiga chapa aitwaye Benjamin Day alianza kutoa gazeti la Sun kwa senti moja, wakati magazeti makubwa ya mji huo yaliuzwa senti sita. Senti moja haiwezi kulisha mtambo wa kuchapa. Pengo lilizibwa na wenye bidhaa, waliolipa ili majiko yao ya chuma, taa, vyombo vya mezani na vitambaa visifiwe mbele ya wasomaji. Matangazo yalikuwako zamani, ila sasa yalimfikia hata kibarua na mpishi. Faida ilikuwa kubwa: mtu aliyeishi mbali na duka alijua kilichopo kabla ya kufunga safari. Hasara ilikuwa moja, nayo ilikuwa nzito: mkono haukuwa na kazi tena. Karatasi haina kitako cha kubonyeza.

Mhariri mmoja wa mji huohuo, James Gordon Bennett wa New York Herald, alitaka kusawazisha mizani. Aliamuru matangazo yote yachapwe kwa herufi ndogo za namna moja, ili tajiri asimfunike mwenye duka dogo. Ilikuwa amri ya haki. Lakini Robert Bonner, mwenye gazeti la Ledger, alinunua nafasi akarudia sentensi ileile, mstari chini ya mstari, mpaka safu ikajaa. Aliyenyimwa sauti kubwa aliipanda ndogo kama mbegu, shamba zima. Amri haikuvunjwa, na kusudi lake halikutimia. Kipaza sauti cha Bunia ni mjukuu wa safu ile.

Kwa nini kurudia kunafaulu? Kwa sababu neno lililosikika mara nyingi huacha kuonekana geni, na kisicho kigeni tunakidhania salama. Tunamwamini jirani kwa kuwa tumemwona kila siku, katika raha na katika msiba. Tangazo huazima njia hiyo ya ujirani: nalo huonekana kila siku, ila siku ya msiba halipo. Kuzoea ni jambo moja na kujua ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili ndipo watu wengi wamezama.

Mwezi uleule ambao Sun lilianza, tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, aliwekeana na Marekani mkataba wa urafiki na biashara. Merikebu kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kitambaa hicho kikaingia bara mabegani mwa wapagazi: Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, hadi Kasongo na Nyangwe katika nchi yetu ya Kongo. Kilipimwa kwa mkono, kwa shuka, kwa doti, na mahali pengi kilipokelewa kama fedha. Hapakuwa na gazeti njiani. Mnunuzi alikifikicha kati ya vidole ajue kama uzito wake ni wa nyuzi au wa wanga, kwa maana kitambaa kilichonenepeshwa kwa wanga hukonda siku ya kwanza kufuliwa. Hiki kilifuliwa kikabaki kitambaa. Waliokivaa ndio waliokipa jina, wakakiita merikani.

Sasa tazama mkondo wa sifa hizi mbili. Sifa ya gazetini hutoka kwa muuzaji ikamtafuta mnunuzi. Sifa ya merikani ilitoka kwa mnunuzi ikamrudia muuzaji. Ya kwanza huenda haraka na huhitaji kulipiwa kila asubuhi. Ya pili huenda kwa miguu, na hudumu. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza pamba, vitambaa vingine vilijaza pengo, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko. Merikebu za Salem zilitoweka, jina likabaki kinywani mwa Waswahili. Jina lililotolewa na walioridhika huishi kuliko bidhaa yenyewe. Kwa hiyo hurithiwa pia na wasiolitolea jasho, na mnunuzi hana budi kulifikicha hata jina.

Haifai kuhitimisha kwamba kusifu bidhaa ni uovu. Mwenye chombo chema akinyamaza, jirani ataendelea kupikia kibovu. Kampuni ya Singer ilitangaza cherehani zake kwa bidii, na tangu 1856 iliruhusu watu wa Marekani kulipa kidogo kidogo, hata mke wa fundi akaweza kuwa na mashine nyumbani. Pita leo kwenye baraza za mafundi wa Bunia. Utaona cherehani nyeusi ya mguu, herufi zake za dhahabu zimefutika kwa kuguswa, na sindano bado inapanda na kushuka juu ya kitenge. Yaliyosemwa juu yake yalikuwa deni, na deni limelipwa pindo kwa pindo.

Magazeti yaleyale ya Marekani yalisifu pia dawa za chupa zilizodai kuponya karibu kila ugonjwa. Wengi walizinywa wasijue kwamba nguvu waliyoisikia ilikuwa ya kileo au ya afyuni. Ilikuwa lazima ije sheria ya mwaka 1906 kuwalazimisha watengenezaji kuandika vitu hivyo kwenye chupa. Sheria hufika mahali ambapo haya imeondoka, na kwa kawaida hufika ikiwa imechelewa.

Kulikuwa na njia fupi kuliko ya sheria, na wapo walioiona. John Wanamaker, mwenye duka kubwa mjini Philadelphia, aliweka bei moja kwa wote na kumruhusu asiyeridhika kurudisha alichonunua. Mwaka 1880 alimwajiri John E. Powers kumwandikia matangazo, mtu aliyesifika kwa kueleza bidhaa kwa maneno ya wazi, hata kasoro zake. Wateja waliongezeka. Anayekiri kasoro moja huaminiwa katika sifa kumi.

Tofauti ya kuzoea na kujua mimi niliijua kwa kuunguza. Mwaka mmoja nilinunua sufuria ya maharage kwa kuwa nilikuwa nimesikia sifa yake njiani wiki nzima. Sikuigonga. Haukupita mwezi kitako kikavimba, ikawa haikai sawa jikoni, na jioni moja maharage yakamwagikia makaa, watoto wakitazama. Muuzaji nilimlaumu, na lawama ilimstahili. Lakini uongo huhitaji wawili, mmoja wa kuusema na mmoja wa kuacha kuuchunguza. Nililipa sikio kazi ya mkono.

Hapa Ituri jambo hili lina uzito wa pekee. Tumeona familia zikikimbia vita: mtoto mgongoni, godoro kichwani, sufuria mkononi. Anayefika Bunia bila sufuria huanza maisha upya kwa kuitafuta hiyo. Mwenye mali akidanganywa hupoteza bei, kesho hununua nyingine. Mwenye kununua mara moja akidanganywa hupoteza chakula cha jioni, na kesho yake pia. Kosa ni lile lile, ila haliangukii watu sawa. Kwa hiyo anayeuza vyombo vya nyumbani ameshika amana kubwa kuliko anavyodhani, na apime ulimi wake kwa mnunuzi aliye maskini kuliko wote.

Akina mama wa likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, wamelielewa hili bila kulisoma popote. Mmoja anapopokea zamu yake, kabla hajaenda sokoni atakuwa ameambiwa ni beseni lipi lilipasuka kwa nani, na sufuria ipi iliyopikia msiba wa nani ikabaki nzima. Hiyo ndiyo sifa inayotembea kwa miguu. Haina kipaza sauti, lakini kila anayeisema anajulikana nyumba yake.

Jioni wauzaji hufunga mizigo, vipaza sauti huzimwa, na soko husikia tena nyayo za watu. Ndipo mtaa kwa mtaa makaa hupepewa na maji hutengwa motoni. Maneno ya mchana yamekwisha. Kilichobaki juu ya jiko ndicho kitakachosema, na saa hiyo hakuna awezaye kukisemea.